Mwanga ukijumlisha mwanga unaweza kupata giza, inakuaje?

Geto langu Nkuhungu bati lina tundu la msumari, saa sita mchana linashusha mwanga umenyooka kama fimbo, na vumbi letu hili la Dodoma unaliona linaelea humo ndani. Ukiutazama unasema mwanga haukatagi kona. Ila mtu akiongea jikoni sauti yake inakata kona mlangoni inakufikia ulipokaa na yeye humuoni. Sa kwa nini sauti ipinde, mwanga usipinde?

Ni saizi tu. Sauti ni mawimbi, na wimbi moja la mtu anayeongea, kilele hadi kilele, linafika kama mita 1 hivi, na mlango nao upana wake ni humohumo, kwahiyo likipita linasambaa chumba kizima. Mwanga pia ni mawimbi ila ule mwekundu wimbi lake ni kama milimita 0.00065, tundu la milimita 5 kwake ni Uwanja wa Jamhuri, linapita katikati wala haligusi kingo. Ukitaka mwanga usambae lazima upenyo uwe mwembamba kweli, na kadiri unavyoubana ndo unavyozidi kusambaa (hapa kila mtu anakwama mara ya kwanza). Kusambaa huko ndo difraksheni.

Mwingiliano sasa. Chukua karai la maji, gonga vidole viwili kwa pamoja. Viduara vikikutana, kilele juu ya kilele maji yanapanda zaidi, kilele juu ya bonde yanatulia kabisa. Mwanga ni vilevile, kuna sehemu unazidi na sehemu unajiua, na nishati haijapotea, imehamia tu kwenye zile sehemu zinazong'aa.

Mwaka 1803 mwanasayansi Thomas Young wa Uingereza aliingiza jua kwa katundu kadogo dirishani akaupasua ule mwanga kwa kadi nyembamba isiyofika milimita 1. Kwenye kivuli cha kadi ikatokea mistari ya mwanga na giza. Alafu akaziba upande mmoja, mistari ikafutika. Yaani mistari ya giza ilihitaji mwanga wa pande zote mbili ndo iwepo, na mimi ushahidi huu naupenda kuliko hesabu zote za darasani.

Kwako tumia kalamu ya leza, ile nyekundu ya machinga (usimmulike mtu machoni). Bandika unywele wima mbele yake kwa selotepu, zima taa, piga ukutani mita 3. Ungetegemea kivuli cha unywele, ila unapata vidoa vyekundu vimejipanga kulala na giza katikati yake. Pima giza moja hadi linalofuata upande uleule wa katikati, langu lilikuwa milimita 28. Zidisha 0.00065 kwa 3000 ugawe kwa 28, inakuja kama 0.07, ndo unene wa unywele wangu kwa milimita. Wa mdogo wangu vidoa vilikaribiana zaidi, wake mnene.