Rozeti si ua

Juzi nimetumiwa tena picha ya echeveria, mmea wa pambo wenye majani manene, ikiwa na maneno haya: "Hatimaye ua langu limechanua!" Mwaka huu si mara ya kwanza, na kila mara ninachokiona pichani ni majani matupu.

Rozeti ni mpangilio wa majani. Shina ni fupi mno, majani yanalizunguka yakiwa yamesongamana, na ukitazama kutoka juu unaona duara. Basi. Echeveria, sempervivum, haworthia, mshubiri, hata mkonge, yote huota hivyo, kwa majani manene yanayotunza maji.

Tatizo linaanzia kwenye jina. Kwa Kifaransa, rosette ni "waridi dogo": ni jina la umbo tu. Nasi tuna mazoea yetu. Mmea wowote wa pambo tunauita ua, na tunasema "namwagilia maua" hata kama chunguni hamna ila majani. Hilo silipingi, limo katika lugha. Ninalolipinga ni kitenzi kinachofuata, kuchanua, kwa sababu hapo ndipo mtu anapousoma mmea wake kinyume.

Ua likifunguka ni dalili njema. Echeveria au sempervivum ikifunguka, majani yakalala na nafasi baina yao ikaonekana, mmea una njaa ya mwanga. Shina linarefuka, rangi inafifia. Urefu huo haurudi nyuma hata ukipeleka mmea juani baadaye. Ni majani mapya tu yatakayobanana. Inauma kuona mtu akishangilia jambo ambalo mmea unalilalamikia.

Na maji je? Ua lililokatwa hunyunyiziwa lisinyauke. Rozeti ukiifanyia hivyo, maji hutuama katikati, kwenye majani machanga, na uozo huanzia hapo. Mwagilia udongo, katika chungu chenye tundu chini, kisha ungoje ukauke. Ule unga mweupe juu ya echeveria nao si vumbi la kupangusa. Ni nta inayoukinga mmea na jua kali, na jani lililokomaa likishafutwa halitengenezi nyingine.

Maua yenyewe yapo. Echeveria hutoa kikonyo kirefu chenye maua madogo mfano wa kengele, yakipukutika mmea unaendelea na maisha yake. Sempervivum sivyo. Jina lake la Kilatini maana yake ni "hai daima", lakini rozeti ya sempervivum ikichanua hufa, kama mkonge unavyosimamisha nguzo yake ya maua mara moja tu, ya mita 5 au zaidi, kisha ukafa. Uhai wa daima umo kwenye machipukizi ya pembeni. Kwa mwenye sempervivum, basi, "imechanua" ni habari kwamba rozeti ile inaaga, na aanze kuyaangalia machipukizi yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyenitumia picha: lile ni shada la majani, na halijachanua, limetanuka. Lisogeze karibu na dirisha, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, maana likitolewa ghafla kwenye jua kali litaungua. Kikonyo kikitokeza, nitumie picha nyingine.