Huruma ya nesi wa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, ni kitu gani hasa?

Watu wengi wakisikia nesi mwenye huruma wanamuwaza yule wa kutabasamu na kuongea taratibu, sawa, ila ICU mgonjwa yupo kwenye dawa za usingizi, mpira umepita kooni mashine inampumulia, sasa hilo tabasamu anamuonyesha nani? Huruma ya pale ni kuhangaikia nafuu na heshima ya mtu ambaye hawezi kukushukuru wala kukushtaki.

Yaani kumgeuza kila baada ya masaa mawili hivi asitoke vidonda vya mgongo, kumsafisha mdomo, kumpaka dawa ya macho maana kope zikiacha upenyo jicho linakauka. Ukiangalia ni kazi za mikono tu, ila angalia zinavyofanywa. Nesi anavuta pazia kwanza, afu anainama sikioni, "Bibi, mwakeye, nakugeuzia ubavu wa kushoto sasa", na hapa Kigoma bibi wa vijijini Kasulu akisikia salamu ya Kiha walau anajua yuko kwa watu. Kuna wagonjwa waliamka wakasimulia walichosikia wakiwa wamelala hivyohivyo, kwahiyo stori za mikopo na posho juu ya kitanda cha mtu zipelekeni chumba cha chai jamani.

Kwenye maadili ndo kugumu. Chuoni wanakaririshwa mambo manne, heshimu uamuzi wa mgonjwa, mtendee mema, usimdhuru, tenda haki, na kitandani yanagombana. Mgonjwa kachanganyikiwa anavuta mpira, ukimfunga mikono umemlinda lakini umemnyima uhuru. Nesi mwenye utu anatafuta sababu kwanza, ana maumivu? mpira wa mkojo umejikunja kibofu kimejaa? ndugu akikaa karibu hatulii? Kufunga kunakuja mwisho, na anarudi kukagua vidole kama damu inapita.

Afu kuna hali ambayo mwanafalsafa Andrew Jameton wa Marekani aliipa jina mwaka 1984, dhiki ya kimaadili tuseme, unajua kabisa kinachotakiwa kufanyika ila mazingira yanakubana, dawa haipo, ndugu waliotoka Uvinza wako nje kwenye mkeka na chupa ya uji, hela imeisha. Hapo huruma ni kuwaambia ukweli, "Shikamoo mzee, presha ya mama imeshuka tangu asubuhi, daktari ataongea na nyie saa kumi", na saa kumi ikifika ahakikishe daktari kaja kweli. Ile ya "msijali atapona" wakati hujui, mi siiti huruma.