Matone ya Sikio Hayafufui Usikivu

Siku hizi hawapiti wagonjwa wengi kliniki ya masikio kabla mmoja hajatoa kichupa mfukoni: matone ya mtandaoni, yanayodaiwa “kufufua neva”. Nia ni njema, hatulaumu. Lakini matone huishia kwenye kiwambo cha sikio, na koklea, sehemu ya sikio inayopokea sauti, imejificha mbali zaidi, ndani ya mfupa. Kuuza dawa isiyosajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, ni kosa chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Kichupa hicho kipeleke ofisi ya TMDA ya kanda pamoja na boksi lake, lebo yenye namba ya toleo, na risiti au ujumbe wa malipo. Usikioshe. Usikimwage.

Kila koklea ina seli za kusikia zenye vinyweleo zipatazo 15,000, na ndizo hizo hadi kaburini. Kuku akipoteza zake, huota nyingine, binadamu haoti. Utafiti wa kuziotesha unaendelea, ila FX-322, dawa iliyotia wengi matumaini, ilifeli majaribio ya awamu ya pili mwaka 2023. Kwa heshima zote, basi, tusiulizwe tena kama kitunguu saumu kinafufua usikivu.

Kazini, ukomo wa kelele unaotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Zikipanda 3, muda hukatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Spika za kigodoro, zile ngoma za usiku mtaani, zinapita hapo mbali. “Nimeshazoea” si kinga; mara nyingi maana yake seli za sauti nyembamba zimeshakufa. Pamba nayo si kiziba sikio.

Anayekuja kupimwa akae mbali na kelele angalau saa 14. Aje asubuhi kabla ya zamu, si akitoka zamu. Tunachungulia sikio, tunatoa nta, kisha anaingia chumba tulivu na kupimwa sikio mojamoja. Ataje pia dawa alizotumia: gentamaisini, amikasini na sisplatini zinaweza kuua seli za kusikia. Kanamaisini, iliyowaachia uziwi wagonjwa wengi wa kifua kikuu sugu, Shirika la Afya Duniani halipendekezi tena. Asikatishe dozi mwenyewe, azungumze na daktari wake.

Sikio likipoteza usikivu ghafla, ndani ya siku moja hadi tatu, hiyo ni dharura. Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, husaidia zaidi zikianzwa mapema. Anayefika mwezi wa pili tangu sikio lizime, akisema alidhani ni mafua, mara nyingi hatuna cha kumpa zaidi ya kifaa cha kusikia.