Kung'oa thamostati hakuponyi injini inayochemsha

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema pikapu ya dizeli ya zamani ikichemsha, ng'oa thamostati, yaani vali inayofunguka kwa joto ili maji ya injini yaende kupozwa kwenye rejeta. Tafadhali usiusambaze. Katika injini nyingi, thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Nayo injini huchelewa kupata joto, hivyo hula dizeli zaidi na silinda hulika.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu thamostati iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha gari kweli. Hiyo ibadilishwe kwa mpya. Kuipima, itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, upashe taratibu: ianze kufunguka karibu na nyuzi joto za Selsiasi zilizochongwa juu yake, mara nyingi 82, na ijifunge maji yakipoa. Ikifaulu, kagua rejeta, feni, pampu ya maji na gasketi ya silinda hedi.