Ndugu na DNA: maswali mnayouliza kuhusu majibu ya kipimo

Tuna baba mmoja na mama mmoja. Mbona tunashiriki asilimia 46, si 50?
Hamsini ni wastani tu. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya DNA yake, lakini si nusu ile ile kila mara. Ndugu kamili huweza kushiriki kuanzia asilimia 38 hivi hadi 61. Yenu ni ya kawaida kabisa.

Tumepata sentimogani 1,800 (kipimo cha urefu wa DNA tunayoshiriki). Je, tunashiriki mzazi mmoja tu?
Huenda. Ndugu wa mzazi mmoja huzunguka 1,750, lakini shangazi na mpwa wake, au nyanya na mjukuu, wako papo hapo. Katika majibu yenu, fungueni picha ya kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA), mtafute sehemu mnazolingana upande wa baba na wa mama kwa pamoja. Ndugu kamili huwa nazo katika takriban robo ya DNA. Wa mzazi mmoja hawana, ila wazazi wasioshirikiwa wawe na undugu. Tafadhali, msimwendee mama na maswali makali kabla ya kuiona picha hiyo.

Baba alipofariki, mama alirithiwa na mdogo wake. Watoto wa baba mdogo ni nani kwangu?
Ni zaidi ya ndugu wa mama mmoja. Mama anawapa wastani wa asilimia 25; baba zenu, kwa kuwa ni ndugu, wanaongeza 12.5. Jumla ni 37.5. Hali ni hiyo hiyo mume akioa dada wawili. Programu nyingi hazina jina la uhusiano huu, kwa hivyo zitawaita ndugu kamili au nusu. Wazee wa ukoo ndio wenye jibu.

Nitoeje mate?
Dakika 30 kabla, usile, usinywe, usivute sigara wala kutafuna miraa. Mate yafike kwenye mstari wa kichupa, povu halihesabiwi. Aliyepandikizwa uboho asitumie mate: yana seli za aliyemchangia.

Majibu hayo yatanifaa kwenye kesi ya urithi katika mahakama ya Milimani, Nairobi?
Usiyategemee. Hakuna aliyeshuhudia mate yakitoka kinywani mwako. Kipimo cha mahakama huchukuliwa na mtaalamu, vitambulisho vikikaguliwa.

Kaka ana selimundu. Nami je?
Asilimia ya undugu haikuambii lolote kuhusu jeni moja. Wazazi wote wakiwa AS (wenye jeni moja ya selimundu, bila ugonjwa), kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS (mwenye ugonjwa) na 2 kati ya 4 za kuwa AS. Omba hospitalini kipimo cha damu cha aina ya hemoglobini, na mchumba wako apimwe pia.