Ganzi na ukungu wa jicho si "damu kutotembea"

Tangu utotoni tunaambiwa ganzi ni damu kutotembea, na jicho likififia dawa yake ni miwani. Basi mtu anachua miguu huku, ananunua miwani kule, miezi inakatika. Dalili hizo zikiandamana, sharti mishipa ya fahamu ichunguzwe.

Mshipa wa fahamu wa jicho ni sehemu ya ubongo. Ukivimba, jicho huuma likigeuzwa, na miwani haisaidii. Kuna kipimo chepesi mno: funika jicho moja, tazama kifuniko chekundu cha chupa, kisha badilisha. Jicho lenye shida huona wekundu uliopauka, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Daktari atauliza pia: ukiinamisha shingo, unahisi umeme ukishuka mgongoni?

Kisha hufuata MRI, yaani picha za ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na vipimo vya damu: sukari, vitamini B12, kaswende, VVU, na kingamwili iliyogunduliwa 2004 ya ugonjwa wa Devic, ambamo kinga ya mwili hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho na uti wa mgongo. Huu huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika, na baadhi ya dawa za maltipo sklerosisi (MS), ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu unaofanana nao, huuzidisha, kwa hiyo kuutambua mapema ni muhimu sana.

Dalili zikija ghafla, huenda ni kiharusi: hospitali saa hiyohiyo.