Kolimeta: bamba la matundu linaloamua ukali wa picha ya nyuklia

Mgonjwa wa saratani ya tezi dume akitoka Dodoma na rufaa ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa skani ya mifupa, hulazwa chini ya mashine iitwayo kamera ya gama. Wengi hudhani mashine hiyo inampiga mionzi. Haimpigi. Mionzi inatoka mwilini mwake mwenyewe, kwenye dawa ya teknetiamu-99m aliyochomwa saa chache kabla. Kamera inapokea tu. (Kwa walioko Bahi na Manyoni, ambako mionzi ikitajwa watu huwaza urani ya ardhini: hii ni ya kupita, nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6.)

Kazi ngumu iko kwenye kujua mwale umetoka wapi. Miale ya gama husambaa pande zote, na hakuna lenzi ya kuikusanya. Kipokezi kikiachwa kitupu, kitaona wingu tu, bila kutofautisha nyonga na uti wa mgongo. Hapo ndipo inapohitajika kolimeta: bamba la madini ya risasi lenye maelfu ya matundu membamba yaliyo sambamba. Aliyewahi kushika sega la asali ya Itigi anaijua sura yake, maana mara nyingi matundu hayo nayo yana pembe sita. Mwale unaokuja wima hupita. Unaokuja mshazari hugonga ukuta ukamezwa.

Hasara yake inatisha. Katika fotoni (chembe za miale) 10,000 zinazotoka kwenye dawa, hupita moja au mbili hivi.

Chukua tundu lenye upana wa milimita 1.5 na urefu wa milimita 25. Nukta iliyo sentimita 10 kutoka kwenye kolimeta itatanuka pichani hadi milimita 7.5, ikiwa sentimita 20, itafika 13.5. Ndiyo sababu mtaalamu husogeza kichwa cha kamera hadi karibu kikuguse. Ukikata upana wa matundu kwa nusu, na kuta zikipunguzwa vivyo hivyo, ukali wa picha huwa maradufu lakini fotoni hubaki robo. Sasa uchague: picha yenye chengachenga, au mtu anayeumwa mifupa alale bila kujitikisa muda mara nne. Kuta nazo zina kikomo cha wembamba. Zinazotosha kwa teknetiamu, yenye miale ya nishati ya kiloelektronivolti 140, hupenywa na miale ya iodini-131, dawa nyingine ya mionzi, yenye 364, kwa hiyo iodini hudai kolimeta nyingine, nzito na yenye kuta nene.

Nyuma ya bamba kuna kipokezi. Katika muundo alioubuni Hal Anger kule Berkeley, Marekani, miaka ya 1950, ni fuwele ya iodidi ya sodiamu inayogeuza kila mwale kuwa mmweko wa mwanga. Siku hizi unene wake wa kawaida ni milimita 9.5. Ikiwa nene zaidi hunasa miale mingi, ila mwanga hutapakaa na mahali pa mmweko hapajulikani vizuri.

Tuseme fuwele hukosea mahali kwa milimita 3.5. Kosa hilo na lile la kolimeta huunganishwa kwa miraba, kama pande za pembetatu mraba ya shuleni: 7.5 na 3.5 hutoa 8.3. Leta kipokezi cha kisasa kinachokosea milimita 1 tu, uache kolimeta ileile, utapata 7.6. Fedha zote hizo, nafuu haifiki hata milimita moja! Kwa hiyo sifa za kipokezi peke yake hazinishawishi, hata tangazo liwe zuri vipi.

Faida huja vyote viwili vikibuniwa pamoja. Kwa kuwa kipokezi kipya kinakosea kidogo, mbunifu anaweza kupanua matundu kwa karibu asilimia 10, akabaki na ukali uleule wa 8.3, huku fotoni zinazopita zikiongezeka kwa kama moja ya tano. Skani ya dakika 30 ingeweza kuchukua 25.